Mstari Uliorukwa

Katika kiwanda cha uchapaji cha akina Etchegaray, pale Paysandú, hakuna tena mtu anayesoma namba kwa sauti. Mashine zinanguruma kama kawaida, kibuyu cha chai ya majani machungu kinapokezanwa mkono kwa mkono, redio inaongea peke yake juu ya kabati. Lakini ukifika mwezi wa Machi, msimu wa mizania, wakati vyama na kampuni za mji zinapoleta hesabu zao zichapwe, wafanyakazi wa zamani hujikuta wamenyamaza na kutega masikio kuelekea chumba cha nyuma. Chumba kile kina meza moja, dirisha linalotazama ukuta, na kiti ambacho hakuna aliyewahi kukataza kisikaliwe, ila hakikaliwi.

Kwa misimu tisa Nilda Bentancor alikaa pale akisoma peke yake kwa sauti mbili. Kwanza nzito, ya kiume, isiyo na haraka: "Elfu kumi na mbili, mia nne na tatu." Kisha sauti yake mwenyewe, nyembamba, ikijibu: "Ipo." Nzito tena: "Mia tisa themanini na moja." Nyembamba: "Ipo." Wateja wageni walichungulia mlangoni wakimtafuta huyo mwanamume. Walipoona ni mwanamke mmoja tu mwenye miwani, kidole chake juu ya karatasi, walirudi mbele kimyakimya.

"Huyo mama ni mzima kweli?" waliuliza kwa kunong'ona.

"Mzima kuliko wewe," msichana wa mapokezi alikuwa akiwajibu. "Lete karatasi zako, na usisahau kuandika jumla. Bila jumla hakupokei."

Sauti ile nzito ilikuwa ya Odilio Sosa, ambaye wakati huo alikuwa ameshakufa.

Nilda aliingia kazini mwaka wa sabini na sita, akiwa na miaka ishirini, na akapewa kazi ya kumsomea Odilio. Siku hizo namba zilikuwa za madini ya risasi iliyoyeyushwa. Odilio alizipanga kwenye mashine iliyonuka mafuta na chuma cha moto, kisha ikatolewa nakala ya kwanza ya kusahihishia, kisha wawili hao wakakaa uso kwa uso. Mmoja alisoma karatasi ya mteja, mwingine akafuata kwenye nakala na kujibu "ipo" kwa kila namba. Wakimaliza, walijumlisha kila safu kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu, kwa sababu Odilio alisema akili ya mtu ikishakosea njia moja huipenda njia hiyo. Jumla yenyewe alikuwa haipangi mpaka hapo. Aliacha nafasi tupu chini ya jedwali, mstari mmoja mweupe, na kuujaza mwisho kabisa, pale tu hesabu yao ilipokubaliana na jumla aliyoiandika mteja kwa mkono wake. Zisipokubaliana kazi ilisimama, hata kama karatasi ilikuwa imeshakatwa na wino umeshachanganywa.

"Mpigie simu mweka hazina wao," angesema.

"Mzee, ni saa ya chakula. Mtu anakula nyama yake."

"Aje nayo. Aje na penseli pia."

Nilda alimcheka sana kwa hilo. Odilio hakujali. Alimwambia mara moja, akijifuta mikono, kwamba herufi ikikosewa watu wanacheka, namba ikikosewa kuna mtu anaulizwa. Nilda alikuwa kijana, akalisikia kama maneno ya mzee anayependa kazi yake kupita kiasi.

Kompyuta ilifika mwaka wa tisini na nane. Bwana Etchegaray mkubwa alimpeleka Nilda mji mkuu, Montevideo, wiki tatu kujifunza, na alirudi amebadilika jinsi mtu anavyorudi kutoka kwenye mapenzi mapya. Aligundua kwamba unaweza kuandika jedwali kama maandishi ya kawaida, namba baada ya namba, na chini yake ukaweka agizo fupi: jumlisha vyote vilivyo juu. Mashine ikapanga safu, ikanyoosha tarakimu zikae chini ya tarakimu, na mstari wa jumla ukajijaza wenyewe. Ukibadilisha namba moja juu, ile ya chini nayo ilibadilika papo hapo, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Alimwita Odilio aone. Mzee alisimama nyuma yake muda mrefu.

"Na huyu, nani anamjumlishia?"

"Anajijumlishia mwenyewe, mzee."

"Na anajuaje kwamba umempa zote?"

Nilda alicheka, akambonyezea jumla nyingine. Mwaka huohuo Odilio alistaafu, na baada ya miaka miwili akafariki. Kazi ya watu wawili kwa siku nzima ikawa ya mtu mmoja kabla ya saa sita. Nilda aliwaambia wateja wasijisumbue kuandika jumla: nileteeni mistari tu, chini nitawafanyia mimi. Walifurahi. Hata akaona aibu kidogo akikumbuka miaka yote ile ya "ipo, ipo," watu wawili wazima wakiimbiana namba kama watoto wa chekechea.

Wilmar Pintos alikuwa mweka hazina wa chama cha kusaidiana cha wafanyakazi wa kiwanda cha nyama. Chama kile kilikuwa na daktari wake wa Jumatano, sanduku la wajane, na kule makaburini jengo lake lenyewe lenye vyumba vya ukutani, ambamo wanachama walilazwa juu ya wenzao kwa safu kama walivyokuwa wamesimama kazini. Wilmar alikuwa ametunza hesabu zao miaka thelathini na minne bila malipo. Kila Machi alikuja na karatasi zake zilizoandikwa kwa wino wa bluu, akaketi kwenye chumba cha nyuma, akatoa penseli na kujumlisha upya nakala ya kusahihishia kabla ya kutia saini.

Mwaka wa elfu mbili na tatu alikuja na miaka sabini na sita na ukungu kwenye jicho la kushoto. Ulikuwa mwaka mbaya. Benki kadhaa zilikuwa zimefunga milango majira ya baridi yaliyopita, watu wakalala na akiba wakaamka na karatasi. Hapakuwa na mtu mjini aliyemwangalia mtu mwenye funguo za sanduku kwa jicho la zamani.

Nilda alimwekea nakala mezani. Wilmar akatoa penseli yake.

"Aa, Mzee Wilmar, bado na hiyo penseli?" Nilda alimtania. "Utayamaliza macho yako bure. Imeshajijumlisha."

"Mazoea tu, binti."

"Mazoea mabaya. Mashine haichoki wala haina mtoto wa jicho. Weka saini, nikupe kibuyu unywe kabla hakijapoa."

Wilmar hakuweka saini mara moja. Alileta karatasi karibu na jicho la kulia, akatazama chini kabisa, kwenye jumla. Akakaa hivyo. Penseli yake ilikuwa hewani, haijagusa kitu.

"Naona kama imepungua," alisema.

"Kila kitu kimepungua mwaka huu, mzee."

Wote wawili walicheka. Yeye alicheka kwa kuchelewa kidogo. Kisha akarudisha penseli mfukoni, akaazima kalamu ya Nilda na kutia saini.

Mkutano wa wanachama ulifanyika Jumapili ya pili ya Aprili. Nilda hakuwepo. Alisimuliwa na wengi, na kila mmoja aliongeza chumvi yake, lakini katika jambo moja wote walikubaliana. Heber Cabrera, mkata nyama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alisimama na kitabu cha mwaka uliopita mkono mmoja na cha mwaka huu mkono mwingine.

"Mzee Wilmar, mwaka jana hapa pana mstari: mfuko wa jengo la makaburi, akiba, peso laki nne na kumi na nane elfu na mia sita. Mwaka huu sioni. Nimevaa miwani ya mke wangu, bado sioni. Hiyo akiba imezikwa pamoja na nani?"

Watu walicheka. Wilmar naye alitabasamu, akafungua kitabu chake kipya, akapitisha kidole. Tabasamu lilibaki usoni kama kitu kilichosahauliwa. Alisema fedha ziko katika ile benki iliyofungwa, zimezuiwa, risiti anayo nyumbani. Mtu akasema wakubwa wote walitoa zao kabla ya kufungwa, kwa nini wewe usitoe. Mwingine akauliza, kama zipo mbona hukuziandika? Na jedwali lenyewe halikuwa na pengo. Mistari ilifuatana, tarakimu zilikaa chini ya tarakimu, jumla ilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho. Mtu aliyetaka kuficha fedha angefanya vilevile. Chini palikuwa na saini yake.

Walimsimamisha uanachama mpaka wasimamizi wa benki wajibu barua. Kusimamishwa kule kulikuwa na maana moja ambayo hakuna aliyeitamka: akifa kabla ya jibu, mlango wa lile jengo la makaburi hautafunguliwa kwa ajili yake.

Jumanne iliyofuata Wilmar alikuja kiwandani. Hakuketi.

"Binti, nataka kukuuliza kitu, na usinionee haya. Ule mstari wa akiba niliuandika au sikuuandika?"

Nilda alikuwa na kazi tatu mezani na mtu wa ushirika wa maziwa alikuwa akimsubiri mlangoni. Bahasha ya chama ilikuwa kabatini, hatua nne kutoka pale alipoketi.

"Mzee, mashine hairuki kitu. Ulichoniletea ndicho kilichochapwa."

Wilmar aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeambiwa na daktari jambo alilokuwa ameshaanza kulijua.

"Basi nimezeeka," alisema. "Nilikuwa na hakika niliuandika."

Nilda aliikuta karatasi tarehe sita Mei, alipokuwa akifunga mafungu ya msimu kwa kamba ayarudishe kwa wenyewe. Hakuwa anatafuta chochote. Wino wa bluu ulimvuta jicho. Mfuko wa jengo la makaburi, matengenezo: elfu thelathini na sita na mia mbili. Chini yake, kwa mwandiko uleule, maneno yaleyale: mfuko wa jengo la makaburi, akiba. Aliona kila kilichotokea, waziwazi, kama anayetazama mkono wa mtu mwingine. Aliandika mstari wa kwanza, akageukia kompyuta, akarudisha jicho kwenye karatasi, jicho likashika maneno yaleyale mstari mmoja chini, likadhani limeshapita hapo, likaendelea. Zamani jumla ya mteja ingegoma siku hiyohiyo. Sasa hapakuwa na jumla ya mteja, yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wasiiandike. Mashine ilipewa safu yenye mstari mmoja pungufu, ikaijumlisha kwa uaminifu, ikafunga kidonda bila kuacha kovu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Graciela, binti wa Etchegaray, ambaye sasa ndiye aliyeongoza kiwanda. Graciela alisoma karatasi mara mbili na kuiweka chini taratibu.

"Maskini mzee wa watu," alisema, na alimaanisha. Kisha akasema: "Nilda, nipe siku kumi."

"Za nini?"

"Zabuni ya vitabu vya risiti inafunguliwa tarehe kumi na sita. Tukitangaza leo kwamba tumekosea mizania, nani atatupa kazi? Kuna watu kumi na mmoja wanakula hapa. Siku kumi tu, halafu naenda naye mwenyewe mpaka mlangoni kwake."

Nilda angeweza kukataa. Baadaye, alipoulizwa, hakusema alilazimishwa. Alisema alizikubali zile siku kwa sababu naye alizihitaji, kwa sababu kila alipofikiria ule mlango wa Wilmar alijitafutia kazi nyingine mezani. Siku ya kumi na moja redio, kama kila siku saa sita mchana, ilisoma majina ya waliofariki. La tatu lilikuwa Wilmar Pintos. Alikuwa ameanguka asubuhi akimwagilia nyanya, hakuumwa hata dakika.

Watu wote kiwandani walimgeukia Nilda, kwa kuwa ndiye aliyemhudumia mzee kila Machi; ni yeye na Graciela tu waliojua zaidi. Alinyanyuka akaenda chumba cha nyuma. Alipanga karatasi ndogo ya masahihisho, mistari sita: katika mizania ya chama, ukurasa wa tisa, mstari huu umeachwa; karatasi aliyoileta mweka hazina ilikuwa kamili; jumla sahihi ni hii. Jumla hiyo aliijumlisha kwa penseli, kushuka na kupanda. Mwisho aliandika: kosa ni la mpangaji wa namba, Nilda Bentancor.

Graciela alisimama mlangoni, macho mekundu. "Weka tu kosa la uchapaji. Huna haja ya jina."

"La mzee liliwekwa," alisema Nilda.

Alichapa nakala mia tatu na arobaini, moja kwa kila kitabu kilichotoka. Wino ukiwa bado mbichi alichukua ya kwanza akaenda kwenye matanga. Ilikuwa saa kumi, jua limejaa barazani, na wanaume wachache wa chama walikuwa wamesimama nje ya uzio wakivuta sigara, hawaingii wala hawaondoki. Heber Cabrera alikuwa mmoja wao.

Mjane, Bi Élida, alikuwa ameketi karibu na jeneza na mkoba magotini, kama mtu anayesubiri basi. Nilda alipiga magoti akamweleza yote, bila kujipunguzia.

"Tangu Aprili alikuwa anahesabu vijiko," alisema Bi Élida baada ya Nilda kumaliza. "Tukishakula anavipanga, anahesabu, kisha ananiuliza, Élida, wewe umepata vingapi? Namwambia kumi na viwili. Anasema, hata mimi nimepata kumi na viwili, lakini sijiamini."

Nilda alimpa ile karatasi. Bi Élida hakuipokea.

"Mimi ya nini? Mimi nilijua. Msomee mwenyewe."

"Bi Élida…"

"Msomee. Kwa sauti. Ulikuwa na muda."

Nilda alisimama kando ya jeneza, akamsomea. Alisoma kichwa cha jedwali, akasoma maneno, akasoma laki nne na kumi na nane elfu na mia sita, na baada ya namba akasita, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili ya kukaa mbele ya Odilio, akisubiri upande wa pili useme ipo. Huko nje mtu alikuwa akihangaika na kiberiti kisichowaka. Akasoma jumla, akakunja karatasi, akaitia chini ya mikono ya marehemu, na hakuna aliyemzuia.

Wilmar alizikwa siku iliyofuata katika ardhi ya manispaa, kwa sababu kamati haikuweza kufungua jengo bila mkutano, na mkutano ulihitaji tangazo la siku kumi na tano. Nilda alizitumia siku hizo kupita nyumba kwa nyumba na gundi, akibandika karatasi yake kwenye ukurasa wa tisa wa kila kitabu. Wengine walimpa maji. Wengine walimwachia kitabu dirishani ili wasionane naye.

Mkutanoni alisimama mbele na kurudia yote. Heber Cabrera aliuliza, safari hii bila kupaza sauti:

"Kwa hiyo ni mashine iliyokosea?"

"Hapana. Mashine ilijumlisha sawa. Mimi ndiye niliyeruka. Na alipotaka kuhakiki, mimi ndiye niliyemwambia arudishe penseli mfukoni."

Heber alitazama kofia yake. "Hata sisi tungeweza kwenda kuiona hiyo risiti nyumbani kwake," alisema. "Aliniambia twende. Nikamwambia nina kazi."

Walipiga kura Wilmar arudishiwe uanachama kuanzia siku aliyosimamishwa, kana kwamba siku zinaweza kurudishwa. Mikono ilikuwa mingi, hakuna aliyeihesabu. Barua ya benki ilikuja Agosti na kuthibitisha fedha zipo, zitalipwa kidogokidogo kwa miaka. Lakini sheria ya makaburi haikuruhusu mwili utolewe ardhini mapema. Ilibidi kungoja miaka mitatu mpaka ibaki mifupa ya kutiwa kwenye sanduku dogo. Siku sanduku hilo lilipohamishwa, Nilda alikwenda. Bi Élida alimwona, akasogea kidogo kumpa nafasi penye kivuli cha ukuta. Sanduku liliingizwa, jiwe likapakwa saruji, na wanaume wa kiwanda cha nyama wakarudi kazini kwa miguu.

Wakati huo sauti mbili za chumba cha nyuma zilikuwa zimeshazoeleka. Nilda hakuiacha kompyuta. Agizo la kujumlisha aliliacha palepale, ila alirudi kudai jumla ya mteja kwa maandishi na kulinganisha, namba kwa namba, kwa sauti. Alimwambia Graciela siku moja kwamba akisoma kimya humsikia mtu akisema imepungua. Akisoma kwa sauti hamsikii. Graciela hakumuuliza ni mtu gani. Alimwekea mlango mnene zaidi, kisha baada ya mwezi akauondoa, kwa kuwa wafanyakazi walisema ukimya unawasumbua kuliko kelele.

Kuna mwaka mmoja, mwezi wa Machi, alikuta mstari uliorukwa katika hesabu za shule ya watawa, kosa la kijana aliyemsaidia kuchapa, na akaupata kwa sababu jumla zilitofautiana. Watu walidhani angefurahi. Aliketi mikono mapajani mpaka saa ya kufunga, na kesho yake hakuja kazini.

Alistaafu mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili, msimu wa mizania ulipokwisha. Sasa Nilda Bentancor anaishi mji wa Salto, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mpwa wake, mtaa wa pili kutoka stendi ya mabasi, na kule Paysandú kiti chake bado hakikaliwi.